KASA NI AMANA, SI KITOWEO



Ndugu yangu Muislamu, ukimwambia mtu ayaache mayai ya kasa pwani, jibu ni lile lile: "Sheikh, bahari ni ya Mungu na riziki ni ya Mungu." Naam, ni ya Mungu. Basi si yako. Mtu akikuachia nyumba yake uitunze, huuzi milango.

Tuangalie hapa kwetu Pemba. Machi 2024, Kisiwa Panza, watoto wanane na mtu mzima mmoja walifariki baada ya kula nyama ya kasa, na makumi wakalazwa hospitali. Allah awarehemu. Siutaji msiba huu kuwalaumu wafiwa. Mzazi humpa mwanawe kitoweo kwa mapenzi. Nautaja kwa sababu sumu ile haiondoki kwa kupika, na kasa mwenye sumu humjui kwa kumtazama.

Utasema: "Lakini wanavyuoni wamekhitalifiana kuhusu kumla." Khilafu ipo, leo siifungui. Ila hakuna mwanachuoni aliyehalalisha mtu kujidhuru yeye na watoto wake.

Na hata isingekuwepo sumu, kasa ana haki zake. Surat Al-An'am, aya ya 38, inatufundisha kuwa wanyama nao ni umma kama sisi. Ng'amba leo yuko katika hatari kubwa ya kutoweka duniani. Kasa huchukua miaka 20 na zaidi hadi aweze kutaga, na katika watoto wake ni wachache mno wanaofika ukubwani. Anayefukua kiota usiku mmoja huondoka na mayai yapata mia. Huyo amevuna ya wajukuu zake.

Wala hifadhi si jambo la kuletewa na wageni. Mtume wetu (S.A.W.) aliifanya Madina kuwa eneo takatifu, miti yake isikatwe na mawindo yake yasifukuzwe. Na wazee wetu husimulia kuwa kisiwa cha Misali kimepata jina kwa msala, kwa jinsi kilivyolala kuelekea Kibla. Mwaka 1998 kikatangazwa hifadhi, ikawekwa sehemu isiyovuliwa, na wavuvi wakazungumzwa nao kwa mafunzo ya dini yao. Je, utatupa baruti juu ya msala?

Kwa wenye mamlaka nasema: kumkataza maskini bila kumsaidia ni nusu ya kazi. Mvuvi anayelinda kiota naye ana watoto wa kulisha.

Kwa maimamu wenzangu: tusipokee kitoweo bila kuuliza kimetoka wapi. Tukila kimya kimya, khutba zetu nani atazisikia?

Nawe msomaji, ukikiona kiota, kifunike, kisha uwaarifu wanaolinda pwani yenu. Hiyo ni sadaka, hata asikuone mtu.

Ewe Mola, tujaalie tuwe walinzi wema wa amana yako. Amin.

Wallahu a'alam. Mfikishie na mwenzako.