Kaunti, Wacheni Kukata Utepe. Lipieni Chaja!

Wiki jana, saa kumi na mbili unusu jioni, mvua ilianza kunyesha tao, na nauli ya kwenda mtaani kwetu ikaruka kutoka 70 hadi 150 kabla sijafunga zipu ya jaketi. Kulalamika kwa nani? Nililipa, nikakaa nyuma kabisa kando ya dirisha lisilofungika. Moshi wa matatu iliyokuwa mbele yetu uliingia ndani kama abiria aliyelipa. Tulikwama dakika arobaini. Mtoto aliyepakatwa na mamake pale kando yangu alikohoa njia nzima.

Kwenye foleni hiyo hiyo kulikuwa na basi la umeme. Halina moshi, halina kelele, limejaa hadi mlangoni. Moja tu.

Hiyo "moja tu" ndiyo imenikasirisha.

Maanake mabasi haya si ndoto ya Ulaya tena. Nairobi imekuwa ikibeba abiria kwa mabasi ya umeme tangu 2022, BasiGo walipoleta mawili ya kwanza ya BYD yenye viti 25. Roam nao wakaja na yao. Leo mengine yanaunganishwa hapa hapa Thika. Kampuni na wawekezaji wao wametia doo. Wenye matatu wachache wamejitosa. Sasa swali langu ni dogo sana: kaunti iko wapi?

Na msee asiniambie si kazi yao. Fungua Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, Sehemu ya Pili, nambari 5. Kazi za kaunti zimeandikwa hapo: barabara za kaunti, taa za barabarani, trafiki na maegesho, na usafiri wa umma wa barabarani. Usafiri wa umma, jo! Uko kwenye orodha.

Tena si ati hawapati kitu. Matatu hulipa kaunti ada ya maegesho kila mwezi, na ada hiyo inatoka kwenye nauli yako na yangu. Tunalipa. Halafu nenda steji yoyote ya mtaani uniambie umeona nini. Matope, mitaro imeziba, na hata kivuli cha kujikinga mvua hakuna.

Sasa kabla mtu hajaruka kusema "basi kaunti inunue mabasi", ngoja kidogo. Mimi sitaki kaunti inunue hata basi moja.

Tulishaona hiyo filamu. Mwaka 1986 serikali ilianzisha Nyayo Bus. Nauli ilikuwa nafuu na watu waliyapenda. Miaka ya tisini ilipofika katikati, mradi ulikuwa umekufa na mabasi yamelala yadi. Serikali zetu zinajua sana kununua gari na kupiga picha. Kubadilisha breki baada ya miaka mitatu ndiyo shida. Kaunti ikinunua mabasi 20 leo, tutapewa utepe, mahema, hotuba ya saa mbili na nembo kubwa ubavuni. Kisha tutapewa kamati ya kuchunguza mabasi yalienda wapi.

Anko wangu ni dere. Amewahi kuendesha basi la umeme siku chache, na alirudi nyumbani akisema mgongo haumuumi. Nilimuuliza kwa nini bosi wake hanunui. Alinipa sababu mbili. Ya kwanza, bei ya kununua iko juu kuliko ya basi la dizeli, kwa sababu ya betri. Ukishalipata, kuliendesha kila kilomita ni rahisi, lakini kwanza ulipate. Ya pili, pa kuchaji. Chaja zikiwa mbali na njia yako, unaendesha gari tupu kwenda na kurudi, na gari tupu halileti kitu.

Hapo ndipo pesa ya umma inafaa kuingia, kwa mambo matatu.

Moja, chaja. Kaunti ndiyo inasimamia steji na maeneo mengi ya maegesho. Ilete stima na chaja pale mabasi yanapolala. Kampuni yoyote ikodishe, sacco yoyote ichaji, wote walipe. Mradi huu unarudisha hela yake pole pole. Utepe haurudishi kitu.

Mbili, dhamana. Sacco ikitaka mkopo wa kununua mabasi ya umeme, kaunti isimamie sehemu ya hatari ili benki ishushe riba. Iwe kwa muda maalum, na hesabu zianikwe wazi.

Tatu, na hii ndiyo yangu: hakuna cha bure. Sacco ikipokea msaada wa pesa zetu, nauli ibandikwe mlangoni na isiruke mvua ikinyesha. Mwanafunzi apate bei yake. Ukivunja, msaada unakatwa. Kama hamtaki hiyo sehemu, basi sahauni hizo zingine mbili. Sitaki kulipia chaja ya tajiri ili anitoze 150 kwa ukimya badala ya kunitoza 150 kwa moshi.

Miji mingine ilielewa mapema. Shenzhen kule Uchina ilikuwa imegeuza mabasi yake yote, zaidi ya 16,000, kuwa ya umeme kufikia mwisho wa 2017, kwa ruzuku ya serikali kuu pamoja na ya mji wenyewe. BYD makao yake ni mji huo huo. Yaani yale mabasi mawili tuliyoshangilia hapa 2022 yametoka kwa kampuni iliyokua kwenye soko ambalo mji wake ulilitilia pesa.

Najua mtaniuliza maswali. Nayajibu hapa hapa.

"Stima ikipotea je?" Sawa, huwa inapotea. Lakini Aprili 2022 tulipiga foleni za mafuta usiku kucha, ama mmesahau? Tena basi linachaji usiku, wakati mahitaji ya stima yako chini na kule Olkaria mvuke mwingine unaachiliwa hewani bure. Tangu 2023 kuna bei maalum ya stima ya magari ya umeme, na bei ya usiku ni nusu ya ile ya mchana. Dizeli haina bei ya usiku. Ina tarehe 14 ya kila mwezi, na Septemba 2023 ilivuka shilingi 200 kwa lita.

"Hospitali hazina dawa na wewe unataka chaja?" Sijaomba hela ya dawa. Nimeomba ile ada ya maegesho ya matatu irudi kwa usafiri. Ukitoza matatu, tengeneza steji. Na huyo mtoto anayekohoa kwenye moshi ataishia hospitali gani, sindio hiyo hiyo isiyo na dawa?

"Na nganya zetu?" Manze, hili ndilo swali la maana! Nganya haifi. Grafiti haitumii dizeli. Muziki hautumii dizeli. Basi la umeme halina mngurumo wa injini, kwa hivyo hata besi utaisikia vizuri zaidi.

Sasa tufanye nini? Juni 2024 kizazi chetu kilisoma Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu, watu wazima wakashangaa kwamba tunajua kusoma. Bajeti ya kaunti nayo ni karatasi tu, na ina kalenda yake kisheria. Kufikia tarehe 1 Septemba mpango wa maendeleo wa mwaka unafikishwa bunge la kaunti. Kufikia 28 Februari, waraka wa mikakati ya fedha. Kufikia 30 Aprili, makadirio ya bajeti. Katiba, Kifungu cha 196, inalilazimisha bunge hilo kushirikisha umma. Vikao hivyo kwa kawaida hujaa viti vitupu na wazee watano waliofuata chai.

Mimi nitaenda cha wadi yetu. Nitauliza swali moja: ada ya matatu mwaka huu ilikuwa ngapi, na imejenga steji gani? Enda cha kwenu, umuulize mwakilishi wadi wako vivyo hivyo, simu ikiwa inarekodi. Akikuonyesha picha ya utepe, muulize chaja iko wapi.