Ini lenye mafuta na pumba zinazolishwa nguruwe

Lubumbashi, mtu akitoka kwenye ekografi na kuambiwa ini lake lina mafuta, nyumbani wanafikiria kitu kimoja: pombe. Mke anamtazama mume, wakwe wananong'ona. Lakini ini hujaa mafuta hata kwa mtu ambaye hajawahi kuonja Simba. Unene wa tumbo, ugonjwa wa sukari, na sukre za kila siku vinatosha.

Kwa wagonjwa wengi dawa ya kwanza ni kupunguza uzito na kubadili chakula, na hapo nyuzinyuzi zina kazi kubwa. Tumbo halizisagi. Zinafika kwenye utumbo mpana, bakteria wanazila na kutoa asidi zinazolisha ukuta wa utumbo. Ukuta huo ukidhoofika, sumu za bakteria hupenya na kufika kwenye ini, kwa kuwa damu itokayo utumboni hupitia huko kwanza. Tangu 2023 OMS inapendekeza mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku.

Gramu hizo zipo sokoni: maharagi, matembele, lengalenga, sombe. Hata bukari ilikuwa nazo, kabla ya watu kuanza kuonea haya unga usio mweupe. Leo mahindi yanakobolewa na pumba zinaenda kwa wafugaji. Kusema kweli, kuna nguruwe wanaokula nyuzinyuzi kuliko mwenye nyumba.

Ila kumwambia mgonjwa ale majani hakutoshi katika mji wa migodi. Mwaka 2009, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walionyesha kwamba watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga walikuwa na kobalti nyingi mno kwenye mkojo. Vumbi ni njia moja, chakula ni nyingine. Mama anayemwagilia lengalenga kwa maji ya mto unaopita kiwandani mara nyingi hana pengine pa kuchota.

Serikali ya mkoa ipime udongo na maji ya bustani hizo, kisha itangaze matokeo bustani kwa bustani. Wenye mashine za kusaga wauze unga usiokobolewa kwa bei ya chini, maana una kazi moja badala ya mbili, mradi mahindi yawe makavu, bila ukungu, kwani ukungu nao huharibu ini. Na munganga anayeandika "punguza mafuta" aongeze mstari mmoja kwenye karatasi: maharagi, bukari ya unga mzima, sombe yenye mawese kidogo.