MAONI YETU: SOYA MBICHI ISIINGIE GHALANI

Ndugu wanachama, mvua imetukuta mavunoni, soya ina maji. Wako wanaotaka kuileta hivyo hivyo ili ivute mizani. Jamani! Gunia moja bichi hupata joto, huvunda, na kuharibu magunia ya jirani. Bei ikishuka, inashuka kwetu sote.

Tuianike juu ya turubai au mkeka, siyo udongoni. Tabaka liwe jembamba, tuigeuzegeuze, jioni tuifunike. Kisha tupime: soya na chumvi kavu ndani ya chupa kavu, tikisa vizuri. Chumvi ikinata kwenye chupa, unyevu umepita asilimia 15. Isiponata tusikimbilie ghalani: tuongeze jua, maana soya ya kuweka akiba isizidi asilimia 12.

Mwenye turubai amwazime asiye nalo. Ghala ni letu sote!