Kichura Hakifungi Goli

Nimekaa kimya wiki tatu, na baadhi yenu mmeanza kuuliza kama nimeacha kuandika. Sijaacha. Nilikuwa na hasira, na mama yangu alinifundisha kwamba mtu mwenye hasira asishike kalamu. Leo hasira bado ipo, ila nimechoka kuisubiri iishe. Nivumilieni.

Wiki tatu zilizopita nilikuwa kwenye bonanza la watoto la magongo hapa Dar. Ndiyo, mpira wa magongo. Usicheke. Kuna watoto wa shule za msingi wanaocheza mchezo huu kwenye vumbi, na mimi huwa naenda kusaidia Jumamosi nikiwa sina zamu ya kazini. Katika kikundi chetu kuna binti wa miaka 11, ana mkono wa kushoto, mwembamba kama ufito. Filimbi ilipulizwa, tukapewa mpira wa adhabu katikati ya uwanja. Wenzake wakasimama kusubiri apige mbele. Yeye hakupiga. Aliugusa mpira kidogo kwa gongo, akajipasia mwenyewe, akaondoka nao. Alipita wawili kabla hawajageuka. Nikaruka!

Filimbi ikalia. Mwamuzi, ambaye ni mwalimu anayefundisha timu mojawapo, akamjia yule mtoto mbio. "Nani kakufundisha hivyo? Adhabu unampasia mwenzako! Hujui sheria?" Mpira wakapewa wapinzani. Baada ya mechi, kwa kosa la "kujifanya mjuaji", akarushwa kichura nusu ya uwanja, mbele ya watoto wa shule nne.

Sasa nisikilizeni. Kujipasia kwenye mpira wa adhabu kumeruhusiwa katika magongo tangu 2009. Mwaka 2009! Yule binti hakuwa amezaliwa. Amezaliwa, amenyonya, ameanza chekechea, amefika darasa la tano, na muda wote huo mtu mzima mwenye filimbi hajafungua kitabu cha sheria. Halafu anayeruka kichura ni mtoto.

Najua mtakachosema. Mwalimu anajitolea, nauli anajilipia, darasani ana watoto wengi kuliko madawati. Ni kweli, na namheshimu kwa hilo. Lakini kujitolea si leseni ya kumwadhibu mtoto kwa sababu anajua kitu ambacho wewe hukijui.

Na hapa niseme ukweli wangu kabla sijaendelea, maana kuna rafiki yangu atausema kwenye maoni. Miezi minane iliyopita, nilipoanza kwenda pale, mimi ndiye niliyekuwa nasimama pembeni nikipiga kelele "piga mbeleee!" Mimi huyu huyu. Nilimrusha kichura yule yule binti kwa kuchelewa, siku ambayo daladala ziligoma. Sikujua magongo. Nilijua mpira wa miguu wa mtaani, na nikadhani mchezo ni mmoja, tofauti ni kijiti tu.

Si mchezo mmoja. Tuanze na hiyo "piga mbele" yenu. Katika magongo, ukipiga mpira kutoka katikati ukaingia golini moja kwa moja, si goli. Goli linahesabika tu kama mshambuliaji ameugusa mpira ndani ya nusu duara iliyo mbele ya lango, mstari wake ukiwa mita 14.63 kutoka golini. Maana yake lazima mtu aufikishe mpira mle ndani na auguse akiwa mle. Sasa mtoto wa miaka kumi anayepiga bomu mbele bila kumwangalia mtu anafanya nini? Anawapa wapinzani mpira, basi. Na mpira wenyewe ni mgumu, una uzito wa karibu gramu 160. Ukimpata mwenzake mdomoni, safari ni ya kwa daktari wa meno. Ndiyo maana popote wanapofundisha watoto kwa akili, kusukuma mpira kunakuja kabla ya kupiga. Unasukuma gongo likiwa limegusa mpira, halinyanyuliwi nyuma. Mpira unakwenda chini, unafika kwa mtu, na hakuna anayeumia.

Halafu mkono. Hili linanifurahisha hadi leo. Magongo hayana gongo la mashoto. Gongo lina uso mmoja bapa na mgongo wa mviringo, na kwa mgongo huruhusiwi kuugusa mpira. Mkono wa kushoto unakaa juu kabisa, na ndio unaoligeuza gongo. Wa kulia unakaa chini, unasindikiza. Ukitaka kumpita mtu unageuza gongo kwa kifundo cha mkono wa kushoto, kulia kushoto, kulia kushoto, mpira uko mbele yako. Fikirieni sasa: mtoto aliyechapwa nyumbani kwa kulia chakula kwa kushoto, aliyechapwa shuleni kwa kuandikia kushoto, anafika mahali ambapo mkono wa kushoto ndio bosi! Wenzake wanalishika gongo kama jembe, kulia juu, wanahangaika. Yeye alishika sawasawa siku ya kwanza. Siku ile niliona mtoto anakua sentimita mbili mbele ya macho yangu.

Na huyo ndiye tuliyemrusha kichura.

Mwalimu mmoja ninayemheshimu, mtu mzima wa kunilea, aliniambia baada ya bonanza: "Bwana mdogo, bila pumzi hakuna mchezo. Wakimbie kwanza." Nikamjibu shikamoo tena, nikanyamaza. Jumamosi iliyofuata nikaenda na daftari. Mazoezi ya saa moja na nusu: dakika karibu arobaini za kuzunguka uwanja na kuruka kichura, kisha mechi ya 11 kwa 11, mpira mmoja. Nikamchagua mtoto mmoja wa winga ya kulia, nikawa namwekea alama kila akigusa mpira. Aligusa mara tatu. Mara moja kwa mguu, ambayo ni kosa. Saa moja na nusu, gusa tatu! Huyo atajifunza lini kupokea mpira?

Maana kupokea ndiko kunakoua timu zetu. Watoto wanausubiri mpira wamesimama wima, gongo liko hewani, mikono imekaza. Mpira unagonga gongo kama unagonga ukuta, unaruka mita tano. Kupokea ni kuinama, gongo chini mapema, mikono ilegee kama unadaka yai. Na kabla mpira haujafika, uwe umeshaangalia nyuma yako nani yupo. Hayo hayahitaji kukimbia raundi kumi. Yanahitaji wawili wawili, mpira mmoja kwa kila wawili, dakika ishirini kila siku. Kama mipira haitoshi, tumia ya tenisi iliyokwishachakaa. Kama uwanja una mashimo, nenda kwenye sakafu ya saruji ya uwanja wa kikapu. Pumzi itakuja yenyewe, maana mtoto anayecheza watatu kwa watatu hana muda wa kusimama.

Tena kuna jambo la watoto waliotoka kwenye soka, yaani wote. Katika soka ukibanwa unampa mpinzani mgongo, unaukinga mpira kwa mwili. Kwenye magongo hilo ni kosa, filimbi inalia. Mtoto hajui kwa nini inalia. Mwalimu naye anamwambia "tumia akili!" Akili ipi? Mwambie: usimgeuzie mgongo, usogeze mpira upande, au umpasie mwenzako kabla hujabanwa. Na mwenzako asikae nyuma ya adui, asogee pembeni ili wewe, yeye na wa tatu mtengeneze mafiga matatu. Hiyo ndiyo mbinu yote ya mtoto wa miaka kumi na moja. Kwa ulinzi, umfundishe jambo moja tu: asijirushe. Akae mbele ya mshambuliaji, gongo chini, arudi nyuma taratibu akimsukumia kuelekea mstari wa pembeni, upande wa kulia wake mlinzi, ambako uso bapa wa gongo lake unafika kwa urahisi. Asubiri kosa. Walinzi wetu wanajirusha wote, mmoja baada ya mwingine, kama watu wanaorukia daladala Kariakoo saa kumi na mbili jioni.

Najua wengine mmeshaandaa jibu moja: "Hatuna zulia." Kila kikao cha magongo nilichohudhuria kimeishia kwenye zulia, yaani uwanja wa nyasi bandia. Sikatai. Olimpiki ya Montreal 1976 ndiyo ya kwanza kuchezewa magongo kwenye nyasi bandia, na tangu hapo nchi zisizo na fedha zimeachwa mbali. Jirani zetu Kenya walishika nafasi ya nne kwenye Kombe la Dunia la kwanza kabisa, Barcelona 1971. Beki wao Avtar Singh Sohal alicheza Olimpiki nne mfululizo, kuanzia 1960 hadi 1972. Hicho kilikuwa kizazi cha nyasi za kawaida. Kwa hiyo hoja ya zulia ina ukweli kwa timu ya taifa. Kwa mtoto wa darasa la tano anayeshika gongo kama jembe haina ukweli wowote. Zulia halimfundishi mtu mkono upi ukae juu.

Waholanzi, waliochukua dhahabu ya wanaume na ya wanawake Paris 2024, hawawaingizi watoto wao wadogo kwenye 11 kwa 11. Wanaanza watatu watatu, wanakwenda sita, kisha wanane, ndipo uwanja mzima. Wao wana mazulia kila kona na bado wanaanzia padogo! Sisi tusio na kitu ndio tunaoanzia pakubwa. Na Januari 2024 kule Muscat, Oman, ilichezwa Kombe la Dunia la magongo ya watu watano watano, uwanja mdogo, na Kenya walikuwepo. Watano. Hata shule isiyo na ukuta haikosi watoto watano.

Halafu kuna sisi waandishi. Msidhani nitatuacha. Nilipeleka habari ya bonanza lile kwenye dawati la michezo. Mhariri akaniuliza, "Kuna Simba hapo? Kuna Yanga?" Nikasema hakuna. Akacheka, akaniambia niandike historia ya Moscow 1980, hiyo wasomaji wataipenda. Maana ndicho kitu pekee tunachokijua: Tanzania ilikwenda Olimpiki ya Moscow, nafasi ikiwa imepatikana baada ya nchi nyingi kususia, na India ikatufunga 18-0. Tukashika nafasi ya sita kati ya timu sita. Michezo ile ile Filbert Bayi na Suleiman Nyambui walileta medali za fedha, na hao tunawasifu, ni haki yao. Lakini wale vijana wa magongo walipambana na India iliyochukua dhahabu, na tumewafanya kichekesho cha baa kwa miaka zaidi ya arobaini. Sikumbuki kusoma hata makala moja inayouliza walifundishwa na nani, kwa muda gani, wakiwa na umri gani. Tunakumbuka namba tu. Sikuandika ile habari. Nimeandika hii, hailipi hata senti.

Jumamosi mbili yule binti hakuja. Ya pili nikamfuata kwao. Mama yake anauza mihogo na chachandu jioni, nikamkuta anamenya.

"Shikamoo mama."

"Marahaba anko. Umefuata gongo lenu? Lipo ndani."

"Nimemfuata yeye, mama."

Akaendelea kumenya. Akasema, "Mwanangu alikuwa analala na hilo gongo. Siku ile karudi magoti yamechubuka, kaniambia mama, kumbe nilikuwa sijui. Sasa mimi sijasoma, nikuulize wewe mwandishi: alikuwa hajui?"

Nikamwambia alikuwa anajua. Nikamwambia mwalimu ndiye aliyekuwa hajui, na kwamba hata mimi niliwahi kumwadhibu bila sababu. Mama akaniangalia muda mrefu. Akaniambia, "Basi kamwambie mwenyewe. Na huyo mwalimu wako naye akamwambie."

Binti nilimwambia, pale pale mlangoni. Alisikiliza akiangalia chini, akauliza swali moja tu: sheria ile imeandikwa wapi. Nikamwonyesha kwenye simu. Ipo kwa Kiingereza, tukaisoma pamoja neno kwa neno.

Mwalimu nimemtumia ujumbe mara mbili. Nimemchapishia ukurasa wa sheria na kuutafsiri kwa mkono, nimemwachia ofisini kwake. Hadi naandika hapa hajajibu. Jumamosi hii saa mbili asubuhi tutakuwa kwenye saruji ya uwanja wa kikapu, watatu kwa watatu, magongo manane, mipira ya tenisi kumi na miwili. Hakuna kichura. Yeye akija na filimbi yake anakaribishwa, ila kabla hajaipuliza kuna mtoto wa miaka 11 anamsubiri. Gongo bado liko ndani kwao, sikulichukua.