Kamba Hukatikia Pabovu

Wenye viwanda wetu, wakubwa kwa wadogo, wana ada moja: soko likidorora, hushika panga. Oda za malighafi zinafyekwa, vibarua wanaambiwa wakae nyumbani mpaka waitwe, na aliyeleta mali kauli anapigwa tarehe: njoo Ijumaa, njoo mwisho wa mwezi. Kubana matumizi si kosa; asiyebana atazama. Kosa ni kufyeka gizani, maana panga la gizani halichagui kati ya mgomba na magugu.

Niliwahi kushinda siku nzima katika karakana ya sabuni mjini Kigoma, wakati wateja wamepungua. Mwenyewe alinilalamikia kwamba hana fedha. Tukaingia stoo. Ukuta mzima, toka sakafuni hadi darini, ulikuwa umejaa maboksi matupu yenye nembo ya sabuni ya manukato aliyokwisha kuacha kuitengeneza. Pembeni palikuwa na pipa moja la kostiki ya kupikia sabuni, limebaki robo. Sasa tazameni: kostiki husafiri masafa marefu na huchelewa njiani, boksi hupatikana kwa wiki moja. Fedha ya bwana yule ilikuwapo, ila ilikuwa imelala pale ukutani. Nilipouliza daftari la stoo, mtunza stoo alicheka akagusa paji la uso wake. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Mlangoni alisimama mama mmoja na madumu manne ya mawese, ya lita 20 kila moja. Alitaka alipwe ya mwezi uliopita ndipo ashushe haya mapya. Akaambiwa arudi wiki ijayo. Akajitwisha dumu la kwanza, akaondoka, na vijana wake wakafuata na mengine. Miezi michache baadaye wateja walianza tena kuulizia sabuni, lakini mama yule alikwisha kupata mnunuzi wa taslimu. Karakana iliyolia kukosa wateja sasa ikalia kukosa mafuta.

Jambo hili halitokani na roho mbaya. Linatokana na hofu inayokua kila inapopokezwa. Duka lililozoea kuuza katoni 12 likiuza 10, mwenye duka huingiwa na wasiwasi akaagiza 8. Mwenye jumla akiona 12 zimekuwa 8, huagiza kiwandani 4. Kiwanda kikiona 4, hakinunui mafuta kabisa. Mlaji amepunguza katoni 2 tu, lakini mkamuaji wa mawese amenyimwa zote. Ndivyo ulivyo mjeledi: kiganja hutikisika kidogo, ncha ndiyo inayolia. Na aliye kwenye ncha ndiye mwenye akiba ndogo kuliko wote.

Msidhani huu ni ujinga wa karakana za uchochoroni. Mwaka 2020, korona ilipofunga masoko, makampuni mengi makubwa ya magari yalifuta oda zao za chipu za kielektroniki. Watengenezaji wa chipu hawakukaa kuyangoja. Wakawauzia waundaji wa kompyuta na vifaa vingine vya umeme. Wanunuzi wa magari wakarudi mapema kuliko ilivyotazamiwa, na ilipofika 2021 viwanda vya Marekani, Ulaya na Japani vikasimamisha kazi kwa kukosa kidude kidogo kuliko ukucha. Toyota, iliyofunzwa na tetemeko la ardhi la Japani la 2011 kuweka akiba ya chipu, ilistahimili kuliko wengi. Hata hivyo ilipofika Agosti 2021 nayo ilitangaza kupunguza uzalishaji wa Septemba kwa asilimia 40 ya ilivyopanga. Akiba haimwondolei mtu msiba, ila humpa muda wa kujipanga.

Na Watanzania tuna kumbukumbu yetu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, vita vya Kagera vikaanza 1978, bei ya mafuta ikapaa 1979, na fedha za kigeni zikaadimika. Viwanda vilikuwapo na wafanyakazi walikuwapo. Vilivyokosekana ni vipuri na malighafi. Mashine moja ilichunwa vipuri ili nyingine itembee, na wananchi wakapanga foleni kwa mche wa sabuni. Kiwanda bila kipuri ni nyumba ya popo.

Basi tufanyeje? Kwanza, tuhesabu kabla ya kukata. Muulizeni mwenye duka ameuza ngapi, si ameagiza ngapi, maana oda yake imebeba hofu yake. Pili, tutenganishe kinachotoka mbali na kinachotoka jirani. Cha mbali kiwekewe akiba hata kama mfuko unauma. Cha jirani kinunuliwe kidogo kidogo. Kisichotumika kiuzwe leo, hata kwa hasara, kigeuke fedha. Tatu, siku za uvivu wa soko zitumike kufungua mashine, kuzisafisha, na kumfundisha kijana wa kufungasha kazi ya kuchemsha, ili mmoja akiugua kazi isisimame.

Nne, na hili ndilo kubwa, mlipeni mdogo kwanza. Atatokea wa kusema, "Fedha haitoshi, na benki inanidai." Namjibu hivi: benki ina ofisi, ina wanasheria, na ukienda mapema huweza kukusogezea tarehe. Mama wa madumu manne hana pa kuegemea; deni lako likilala kwake miezi miwili, mtaji wake umekwisha. Kama huwezi kununua madumu manne, nunua mawili ulipe. Kama huwezi kulipa lote, lipa nusu na useme ukweli siku ileile, si baada ya kumzungusha. Huku si kutoa sadaka. Unalinda sabuni yako ya mwakani, kwa maana soko litakapofufuka utamhitaji kabla hujamhitaji mtu mwingine yeyote.

Baharia huikagua kamba kabla pepo hazijavuma, na hakagui pale ilipo nene. Wenye viwanda, nendeni leo mkaangalie ni nani anayengoja mlangoni kwenu na madumu yake. Hapo ndipo kamba yenu ilipochakaa. Anzeni kusokota hapo.