Kereng'ende wa Trithemis

Kereng'ende wa jenasi Trithemis wanastahili kutazamwa kwa makini. Wengi hawafiki sentimita 5, lakini rangi za madume zinashangaza! Trithemis arteriosa, anayeonekana mara nyingi Kenya na Tanzania, ni mwekundu hadi kwenye mishipa ya mabawa. Trithemis annulata amefunikwa na zambarau, naye Trithemis stictica ni wa buluu. Majike huwa wa manjano na hudhurungi, ndiyo maana watu huwapita bila kuwaona.

Namna ya kutua huwatambulisha upesi. Dume hushika ncha ya unyasi karibu na maji, kisha huyashusha mabawa chini na mbele. Jua la utosini likichoma, huinua mkia kulielekea, ili mwili upigwe na miale michache.

Aina nyingi za jenasi hii ni za Afrika, lakini baadhi zinasogea kaskazini: annulata ameshatapakaa Hispania hadi kusini mwa Ufaransa, na Trithemis kirbyi, mwenye mabaka ya rangi ya chungwa mabawani, alionekana Hispania bara mwaka 2007. Joto linaloongezeka limewafungulia njia.

Maisha yao huanzia majini. Tunutu wao hukamata wadudu wadogo, wakiwemo viluwiluwi wa mbu, kwa mdomo wa chini unaochomoka ghafla. Arteriosa huridhika hata na bwawa la kunyweshea mifugo. Wengine hutegemea vijito vya msituni, na hao ndio walio hatarini miti ya kandokando inapofyekwa.