Daftari la Wiki: Zima Injini, Tazama Juu

Picha za Kogatende za Julai 2025 bado zinazunguka kwenye simu: watalii wameshuka magarini, wamejipanga ukingoni mwa Mto Mara, na nyumbu wanaotaka kuvuka wanakosa pa kupita. Lawama ziliwaangukia watalii na madereva wao, na ni haki. Lakini kosa huanza mapema zaidi, pale mtu anapoingia hifadhini akiwa na orodha ya wanyama watano kichwani na macho kwenye saa. Anayejiendesha mwenyewe hana kisingizio. Hana ratiba ya kampuni, hana dereva wa kumharakisha, hana redio ya kumwita kwenye simba aliyekwisha kuzungukwa na magari. Ana breki, na ana ufunguo wa kuzima injini. Autumie.

* * *

Kipande cha barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Zambia kinachokatiza Hifadhi ya Mikumi kina urefu wa kilomita 50 hivi. Kwa Watanzania wengi hiyo ndiyo safari ya kwanza ya kuona wanyamapori, tena bila kiingilio: twiga, tembo na nyati wanaonekana dirishani mwa basi. Kando ya barabara kuna bango la faini kwa kila mnyama atakayegongwa, na matuta yapo. Hata hivyo usiku malori yanapita kwa kasi ileile ya porini kusiko na kitu, na asubuhi lami ina damu. Swala akigongwa, watu hujua. Bundi aliyekuja kuwinda panya pembezoni mwa barabara, taa zikampofusha, hakuna anayesimama kumhesabu.

* * *

Wanaowarushia nyani ndizi kutoka madirishani mwa mabasi waache leo. Nyani aliyezoeshwa kusubiri chakula barabarani ndiye anayekufa barabarani.

* * *

Simba wakishiba na kuondoka kwenye mzoga, magari nayo huondoka. Hapo ndipo mambo huanza, na aliyebaki peke yake kwenye uwanda wa Mkata, huko Mikumi, kioo kikiwa wazi na injini imezimwa, ataona kitu ambacho waliokimbilia chui hawatakiona.

Ni tumbusi wanaoshuka. Wao hutafuta mizoga kwa macho. Mmoja akianza kushuka, mwenzake aliye mbali angani huona mwendo wake ukibadilika, naye humfuata. Wa tatu humfuata wa pili, na baada ya muda mfupi uwanja mtupu umejaa ndege wanaozozana. Walio wengi ni tumbusi mgongo-mweupe. Shingo zao ndefu, karibu hazina manyoya, huzama hadi mabegani ndani ya mzoga na kutoka zimelowa damu. Ngozi ya nyati au pundamilia mzima huwashinda. Humngoja tumbusi ngusha, mkubwa kuliko wenzake, mwenye kichwa chekundu kilichojaa mikunjo na mdomo wa kuchana ngozi ngumu. Anapoingia, wengine humpisha. Pembeni kabisa wanazunguka tumbusi wadogo wenye midomo myembamba, wakiokota vipande vilivyodondoka. Kila mmoja ana kazi yake, na kwa saa chache mzoga unabaki mifupa. Asidi ya matumbo yao ni kali kiasi cha kuua vijidudu vingi ambavyo vingebaki ardhini na kuingia kwenye maji ya mifugo.

Mmoja wa jamii hii, tumbusi wa Rüppell, anashikilia rekodi ya kuruka juu kuliko ndege yeyote anayejulikana: Novemba 1973 aligongana na ndege ya abiria juu ya Abidjan, kwenye kimo cha mita 11,300 hivi. Hapa kwetu huzaa kwenye magenge ya mawe, yakiwemo ya Hell's Gate karibu na Naivasha, hifadhi ambayo mgeni anaruhusiwa kuizunguka kwa baiskeli au kwa miguu na kuwatazama akiwa amesimama chini yao.

Mwaka 2015 Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Maumbile, IUCN, liliwapandisha tumbusi kadhaa wa Afrika hadi daraja la walio hatarini kabisa kutoweka, na mgongo-mweupe, aliyekuwa wa kawaida kama kunguru wa mjini, ni mmoja wao. Sababu kubwa ni sumu, na sumu hiyo ina njia mbili. Ya kwanza ni ya mfugaji aliyeliwa ng'ombe wake na simba: humwagia mabaki dawa ya wadudu ya shambani ili simba akirudi afe. Ya pili ni ya jangili. Tumbusi wakizunguka angani humwonyesha askari wa wanyamapori mahali tembo alipouawa, kwa hiyo jangili hutia mzoga sumu ili mashahidi wafe. Juni 2019, nchini Botswana, mizoga mitatu ya tembo iliyotiwa sumu iliua tumbusi 537.

Idadi hiyo isomwe pamoja na uzazi wao. Tumbusi mgongo-mweupe hutaga yai moja tu kwa msimu, na kinda huchukua miaka mitano hivi kabla ya kuanza kuzaa. Hakuna msimu mmoja mzuri wa mvua utakaofidia asubuhi moja ya sumu.

Bara Hindi lilishatuonyesha mwisho wa njia hii. Huko dawa ya maumivu iliyotolewa kwa ng'ombe, diclofenac, iliua figo za tumbusi waliokula mizoga yao. Aina tatu zilipungua kwa zaidi ya asilimia 95. Chanzo kilithibitishwa mwaka 2004, na India ikapiga marufuku matumizi yake kwa mifugo mwaka 2006, wakati mizoga ilikwisha kuwa karamu ya mbwa wa mitaani.

Mfugaji hapaswi kuhutubiwa kuhusu tumbusi huku ng'ombe wake wanaliwa. Huko Simanjiro, mashariki mwa Tarangire, familia zimezungushia maboma yao miti hai iliyofungwa kwa wavu wa chuma, na simba hapiti. Fedha za utalii ziende huko kwanza. Na anayejiendesha naye ana wajibu: akiona tumbusi wawili watatu wamekufa pamoja, au fisi na bweha wamelala karibu na mzoga bila jeraha, asiguse chochote. Apige picha, ahifadhi mahali hapo kwenye ramani ya simu, aende moja kwa moja kwa askari au langoni. Saa moja ya mapema inaweza kuokoa kundi zima ambalo bado liko angani.

* * *

Darubini ya 8x42 inatosha. Ya kukuza mara 12 hutetemeka mkononi.

* * *

Hifadhi ya Kruger, Afrika Kusini, ndiyo shule kongwe ya kujiendesha. Magari ya kwanza ya wageni yaliingia mwaka 1927, na leo familia za kawaida huingia na gari dogo la saluni, kilomita 50 kwa saa kwenye lami, 40 kwenye changarawe. Kambini kuna ubao wa ramani ambako wageni huchomeka pini za rangi kuonyesha walikoona simba, chui au mbwa mwitu. Ndio ubao unaopanga msafara wa kesho asubuhi. Lakini Kruger ina pia orodha ya ndege wakubwa sita, akiwemo tumbusi ngusha na hondohondo wa ardhini. Hao sita wangepewa pini zao, na Tarangire na Nakuru zingekuwa na ubao kama huo langoni, watoto wangekuwa na la kutafuta kutwa nzima.

* * *

Tukiwa Tarangire: kasuku mdogo mwenye kola ya manjano, kwezi wa rangi ya majivu, na mnana mkubwa mwenye mkia wa kutu. Asili ya wote watatu ni Tanzania. Kwezi huyo huja hadi kwenye meza za chakula cha mchana, na watu humfukuza kwa kitambaa bila kumtazama!

* * *

Hifadhi ya Taifa ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1946, ina kilomita za mraba 117, na karani tamba bado anatembea humo akikanyaga nyoka huku treni ya SGR ikipita juu ya nguzo. Pande tatu zimezungushwa uzio. Upande wa kusini, kuelekea Kitengela, ndio mlango pekee wa nyumbu na pundamilia, na kila ploti inayozungushiwa waya huko inaufunga kidogo zaidi. Hili linajulikana, limeandikwa, limejadiliwa. Ardhi inaendelea kukatwa.

Habari njema ya jiji hilohilo: matembezi ya Jumatano asubuhi ya Nature Kenya, yaliyoongozwa kwa miongo kadhaa na Fleur Ng'weno, yamewafundisha Wakenya wengi kutambua ndege kwa sauti kabla ya kumwona.

* * *

Novemba na Desemba, usiku usio na mbalamwezi, ukungu ukishuka juu ya Ngulia katika Tsavo Magharibi, ndege wadogo wanaosafiri kutoka kaskazini huvutwa na taa za hoteli. Tangu mwaka 1969 watafiti huwanasa huko kwa nyavu laini, huwapima, huwavisha pete miguuni na kuwaachia. Hesabu imefika mamia ya maelfu. Miongoni mwao yumo ndege wa matete wa Basra, anayezaa kwenye vinamasi vya Iraki. Wengi hupita Ethiopia na Uarabuni, na baadhi ya pete zimepatikana hadi Urusi. Msomaji wa Nairobi, Muscat au Dubai akiokota ndege mfu mwenye pete, asome namba yake kwa makini, aandike tarehe na mahali, apeleke taarifa hiyo Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi.